Kila samaki ana wakati wake

Watoto wanaokaa kando ya ziwa Tanganika wanajua neno moja: ndagala hawavuliwi sawasawa kila usiku. Mwezi ukiwa mkubwa na kung'aa, taa za wavuvi hazina nguvu, na mitumbwi hurudi na samaki wachache. Giza likirudi, taa huwashwa, ndagala hukusanyika penye mwangaza, na nyavu hujaa. Mvuvi asiyejua kuhesabu siku za mwezi hufanya kazi bure.

Mbali sana na Kongo, upande wa kaskazini ya dunia, kuna wavuvi wengine wanaohesabu siku. Hao huhesabu siku za mwezi, na tena huhesabu miezi ya mwaka. Nchi yao inaitwa Alaska. Samaki wanaowatafuta zaidi ni samoni na halibuti. Somo hili linaeleza jinsi samaki hao wanavyokuja na kwenda, na jinsi mvuvi anavyowafuata wakati kwa wakati.

1. Nchi ya siku ndefu na siku fupi

Alaska ni sehemu ya Marekani, lakini iko mbali na sehemu nyingine. Katikati kuna nchi ya Kanada. Zamani ilikuwa mali ya Urusi. Mwaka 1867 Marekani iliinunua, na mwaka 1959 ikawa jimbo la 49.

Kusini ya Alaska kuna mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi. Unaitwa Cook Inlet, kwa jina la James Cook, nahodha Mwingereza aliyefika huko na merikebu zake mwaka 1778. Lakini kabla yake, tangu zamani sana, watu wanaoitwa Dena'ina walikaa huko na kuvua samoni. Wako hata leo.

Karibu na mlango wa mkono huo wa bahari kuna mji mdogo wa Homer. Kaskazini ya Homer kuna mto Kenai. Mto huo unatoka katika ziwa Kenai, unapita mji wa Soldotna, kisha unaingia baharini. Urefu wake ni kilometri 130 hivi. Maji yake yana rangi ya kijani na buluu, kwa sababu mengi hutoka katika barafu kubwa za milimani, nayo huchukua unga mwembamba wa mawe.

Huko hakuna wakati wa mvua na kiangazi kama huku kwetu. Kuna siku za baridi na siku za joto. Katika mwezi wa kumi na mbili, jua la Homer huonekana muda wa saa 6 tu kwa siku. Katika mwezi wa sita huonekana karibu saa 19. Saa nne ya usiku mtu anaweza kusoma kitabu nje bila taa.

Jua linapodumu hivi, bahari huamka. Mimea midogo sana huongezeka majini. Vidudu vya bahari huja kula mimea hiyo, samaki wadogo huja kula vidudu, na samaki wakubwa huja kula wadogo. Nyuma ya samaki wakubwa huja watu.

2. Uvuvi wa mchezo

Watu wa Alaska huvua kwa namna nyingi. Wengine wana mashua kubwa na nyavu ndefu, nao huuza samaki. Wengine huvua ili jamaa yao wale wakati wa baridi. Wengine tena huvua kwa mchezo. Hao huchukua ufito mmoja, uzi mmoja na ndoana, nao hushindana na samaki. Samaki wa mchezo hauzwi. Mvuvi humla nyumbani, au humwachilia.

Mtoto wa mvuvi wa Tanganika atashangaa: je, mtu anaweza kulipa fedha ili afanye kazi ya kuvua? Ndiyo. Watu hutoka mbali, hununua karatasi ya ruhusa ya serikali, na wengi humlipa mwenye mashua awapeleke baharini. Kwa hiyo mwenye mashua hupata chakula kwa mchezo huo, na mwuza chambo, na mwenye nyumba ya wageni, na mpishi wake. Samaki wakikosa, watu hao wote hukosa.

3. Samoni, samaki msafiri

Samoni huzaliwa mtoni, katikati ya mawe madogo. Kwanza ni kidogo kama msumari. Jamii nyingine hukaa mtoni mwaka mmoja au zaidi. Nyingine hushuka mapema. Wote mwisho huteremka mpaka baharini. Huko hula sana na kunenepa, miaka mingi au michache.

Kisha siku moja samoni huanza safari ya kurudi. Hatafuti mto wo wote tu. Hutafuta mto ule aliozaliwa. Anautambua kwa harufu ya maji yake, kama vile mtoto anavyotambua harufu ya jiko la mama yake.

Akiingia katika maji ya mto, samoni huacha kula. Mafuta ya mwili wake ndiyo posho yake ya safari. Hupanda juu, hushindana na mkondo, huruka juu ya mawe. Ngozi yake iliyong'aa kama fedha hubadilika. Wengine huwa wekundu. Taya za dume hupinda kama ndoana. Akifika mahali pake, jike huchimba shimo kwa mkia, huweka mayai, na dume humwaga mbegu juu yake. Jike hufunika mayai kwa mawe madogo. Baada ya siku chache wote wawili hufa.

Miili yao haipotei bure. Dubu na tai huila, vidudu vya maji huila, na hata miti iliyo kando ya mto hupata mbolea. Lakini fahamu vizuri neno hili: samoni hao wa Alaska huzaa mara moja tu. Mvuvi anayemshika mtoni humshika kabla hajazaa. Asiposhika wote, watoto watakuwako. Akishika wote, mto utakuwa mtupu.

4. Kalenda ya mto Kenai

Katika Alaska kuna jamii tano za samoni: samoni mfalme, samoni mwekundu, samoni wa fedha, samoni wa waridi na samoni mbwa. Katika mto Kenai samoni mbwa ni wachache. Wale wanne wengine hawaji pamoja. Hufuatana, kama wageni wanaoingia nyumbani mmoja mmoja.

Wa kwanza ni samoni mfalme. Ndiye mkubwa kupita wote. Kundi lake la kwanza huingia mtoni kuanzia mwezi wa tano, na kundi la pili huja katika mwezi wa saba. Tarehe 17 ya mwezi wa tano, mwaka 1985, mtu wa huko anayeitwa Les Anderson alimshika samoni mfalme katika mto Kenai kwa ufito na uzi. Samaki yule alikuwa na uzito wa kilo 44. Ni uzito wa kijana wa shule! Mpaka leo ndiye anayehesabiwa mkubwa kupita samoni wote walioshikwa kwa mchezo duniani.

Wa pili ni samoni mwekundu. Katika mwezi wa sita kundi moja hupita na kuingia katika kijito kinachoitwa Russian River. Huko dubu nao huja kuvua, na mtu mwenye akili huwapisha. Kundi kubwa huja katika mwezi wa saba. Mwaka mwema, zaidi ya samoni wekundu milioni moja hupanda mto Kenai.

Katika mwezi wa nane huja samoni wa waridi. Yeye huishi miaka miwili tu, na katika mto Kenai huja kwa wingi mwaka mmoja, mwaka unaofuata hakosi lakini ni wachache. Miaka yake mizuri ni ile inayogawanyika kwa mbili, kama 2022 na 2024.

Mwishoni huja samoni wa fedha. Huanza katika mwezi wa nane, na huendelea katika mwezi wa tisa, majani ya miti yanapokuwa ya manjano na asubuhi zinapoanza kuwa na baridi.

Mvuvi naye hubadilisha njia zake. Baharini, mahali samoni bado anakula, hufunga samaki mdogo anayeitwa heringi kwenye ndoana, na kumvuta polepole nyuma ya mashua. Mtoni, samoni mwekundu hali tena. Lakini hupenda kupita karibu na ukingo, mahali mkondo hauna nguvu nyingi. Basi mvuvi husimama penye maji machache na kuacha uzi wake uteremke na mkondo. Ndoana ikimshika samaki kinywani, ni wake. Ikimshika mgongoni au mkiani, sheria inasema amwachilie. Samoni wa fedha yeye ana hasira: hurukia mayai ya samaki na vyuma vinavyong'aa.

5. Halibuti, samaki wa chini

Halibuti hana haja ya mto. Yeye ni samaki wa bahari maisha yake yote. Mwili wake ni bapa kama sinia, naye hulala juu ya mchanga chini ya maji. Upande wa juu una rangi ya udongo. Upande wa chini ni mweupe. Adui anayepita juu hamwoni, na samaki mdogo anayempita karibu hamwoni pia, mpaka amekwisha kumezwa.

Macho yake ni ya ajabu. Anapozaliwa, ana jicho moja kila upande, kama samaki wengine. Anapokua, jicho la kushoto huhama polepole, hupita juu ya kichwa, na kukaa karibu na la kuume. Basi anaweza kulala ubavu na kutazama juu kwa macho yote mawili.

Halibuti naye ana safari yake, lakini hapandi mto. Hutoka kilindini na kuja pwani. Wakati wa baridi hukaa katika maji ya kina kikubwa, mamia ya metri chini, naye hutaga mayai huko. Siku zikirefuka, hukaribia pwani ili ale. Kwa hiyo wavuvi wa Homer humtafuta zaidi tangu mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa. Katikati ya miezi hiyo, wanaweza kumpata penye kina cha metri 30 au 60. Mwezi wa tisa ukiisha, dhoruba huzidi, halibuti hurudi kilindini, na mashua nyingi hufungwa.

Mvuvi wa halibuti huchukua ufito mfupi wenye nguvu, uzi imara, na risasi nzito ya kilo moja au zaidi ili chambo kifike chini. Chambo ni heringi, au pweza, au kichwa cha samoni. Halafu anangojea. Lakini hangojei wakati wo wote tu. Lazima ajue maji kupwa na kujaa.

Cook Inlet ni mahali pa ajabu kwa jambo hilo. Karibu na mji wa Anchorage, siku nyingine bahari hupanda na kushuka zaidi ya metri 9. Maji mengi namna hiyo yakipita, mkondo huwa kama mto uliofurika, na hata risasi nzito haikai chini. Basi mvuvi hutazama kalenda ya bahari. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa mpya, maji hukimbia sana. Katikati ya siku hizo, mkondo hupungua. Na kila siku, maji yanapomaliza kujaa kabla ya kuanza kupwa, husimama kwa muda mfupi. Hapo ndipo mvuvi hushusha chambo. Kumbe mvuvi wa Homer na mvuvi wa ndagala wote wawili huutazama mwezi, kila mtu kwa sababu yake!

Halibuti anaweza kuwa mkubwa sana. Mwaka 1996, karibu na kisiwa cha Unalaska, Jack Tragis alimshika mmoja mwenye uzito wa kilo 208. Samaki kama huyo akiingizwa mashuani angali hai, anaweza kumvunja mtu mguu kwa mkia wake. Tena wakubwa hao wote ni majike. Dume hafiki ukubwa huo. Jike mkubwa hutaga mayai milioni nyingi kwa mwaka, lakini haanzi kuzaa mpaka amekwisha kupata miaka 12 hivi. Ndiyo sababu wavuvi wengi wenye busara humpiga picha yule mkubwa kando ya mashua na kumwachilia. Humchukua mdogo wa kilo 10, ambaye nyama yake ni tamu zaidi.

Zamani watu walivua halibuti hata wakati wa baridi, palepale anapotaga mayai. Samaki wakaanza kupungua. Mwaka 1923, Marekani na Kanada zilifanya mapatano, wakaanza kufunga uvuvi wa kuuza halibuti katika miezi ya baridi. Mataifa hayo mawili yanamlinda halibuti pamoja mpaka leo, kwa sababu samaki hajui mpaka wa nchi. Wavuvi wa mchezo wa Alaska nao wana miezi yao: wanaruhusiwa kuanzia tarehe 1 ya mwezi wa pili mpaka mwisho wa mwaka. Mwezi wa kwanza ni mwiko.

6. Kuhesabu samaki wasioonekana

Maji ya Kenai hayaonyeshi chini. Je, serikali inajuaje samoni waliopita? Mtoni kuna mashine inayotuma sauti ndani ya maji. Sauti ikigonga samaki, hurudi, na mashine huonyesha kivuli chake. Watumishi huhesabu vivuli hivyo mchana na usiku. Wakiona samaki ni wengi, huongeza hesabu ambayo kila mvuvi anaweza kuchukua kwa siku. Wakiona ni wachache, hupunguza. Wakiona ni wachache mno, hufunga uvuvi kabisa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyompata samoni mfalme. Kwa miaka mingi alikuwa utukufu wa mto Kenai. Watu walitoka pande zote za dunia kwa ajili yake. Kisha hesabu ikaanza kushuka. Tena wale waliorudi walikuwa wadogo kuliko wa zamani, na wenye umri mdogo. Wataalamu wanatafuta sababu. Wengi wanaangalia zaidi bahari, mahali samoni anapopitisha miaka yake ya kula, na maji yake yanayozidi kupata joto. Katika miaka 2023, 2024 na 2025, serikali ya Alaska ilikataza kuvua samoni mfalme katika mto Kenai. Aliyemshika kwa bahati mbaya hakuwa na ruhusa kumtoa majini. Ilikuwa lazima amwachilie mara moja.

Wenye mashua walipata hasara. Wengine waliuza mashua zao. Kufunga mto si jambo jepesi.

7. Babu na mjukuu

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, mzee mmoja wa Soldotna na mjukuu wake wanasimama penye ukingo wa mto Kenai. Mtoto ana miaka 11. Wamekuja kwa samoni wekundu. Mzee amekwisha kupata wawili. Mtoto hajapata kitu.

Mara ufito wa mtoto unapinda mpaka majini. Uzi unalia. Samaki anakwenda katikati ya mto, kisha anarudi, kisha anakwenda tena.

«Babu! Nisaidie! Huyu si mwekundu!»

«Shika sana, mjukuu wangu, lakini usimvute kwa nguvu. Mwache achoke.»

Muda mrefu unapita. Mikono ya mtoto inatetemeka. Mwishowe mgongo mpana unaonekana, wenye madoa meusi. Mzee ananyamaza kidogo. Anamjua samaki huyo tangu utoto wake.

«Ni mfalme», anasema. «Usimtoe majini.»

«Babu, ni mmoja tu. Wewe uliwashika wangapi?»

«Wengi. Sana. Labda sisi wote tulishika wengi mno.»

«Hakuna mtu anayetuona.»

«Ni kweli, hakuna. Lakini tazama tumbo lake. Ni jike. Ndani yake kuna mayai elfu na elfu. Ukimla, tutashiba juma moja.»

Mtoto anatazama samaki. Machozi yanamjia, lakini anapiga magoti majini na kumshika kwa mikono miwili. Mzee anatoa ndoana kwa koleo. Kwanza samaki hasogei. Mtoto anaelekeza kichwa chake kwenye mkondo, ili maji yapite katika mashavu yake. Mkia unatikisika mara moja, mara mbili. Kisha mikono ya mtoto inabaki mitupu.

«Babu, atarudi?»

«Huyu hatarudi. Atazaa, naye atakufa. Watoto wake ndio watakaorudi, labda baada ya miaka mitano.»

Mtoto anahesabu kwa vidole. «Nitakuwa na miaka 16.»

«Basi chunga ufito wako», anasema mzee.

Kabla ya jua kuwa juu sana mtoto anapata samoni mwekundu mmoja. Jioni mama yake anampika, na wote nyumbani wanakula.

8. Na huku kwetu?

Ziwa Tanganika liko mbali na Alaska, na ndagala si samoni. Lakini jambo ni lile lile. Wavuvi wameongezeka, na samaki wamepungua. Nchi nne zilizo kando ya ziwa, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilipatana kulipumzisha ziwa kwa muda. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu tarehe 15 ya mwezi wa tano mpaka tarehe 15 ya mwezi wa nane, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Kwa mvuvi asiye na shamba, miezi mitatu ni mirefu. Anayesema ni jambo rahisi hajapata kulala na njaa. Lakini ziwa tupu ni refu kuliko miezi mitatu.

Wazee husema: Akiba haiozi. Mvuvi hodari hatambuliwi kwa samaki aliowashika leo tu. Hutambuliwa kwa kujua wakati wa kutupa ndoana, na wakati wa kuikunja.

Maneno ya kufahamu

Chambo: chakula kinachofungwa kwenye ndoana ili kumvuta samaki.
Kilindi: mahali pa bahari au ziwa penye kina kirefu.
Koleo: chombo cha chuma cha kubania na kuvutia kitu.
Kupwa na kujaa: maji ya bahari kushuka na kupanda kila siku.
Mkondo: mwendo wa maji.
Posho: chakula cha safari.

Maulizo

1. Kwa nini wavuvi wa ndagala hupenda usiku wa giza?
2. Katika mto Kenai, samoni gani huingia wa kwanza? Samoni gani huja wa mwisho?
3. Samoni hutambuaje mto aliozaliwa?
4. Halibuti hukaa wapi wakati wa baridi? Kwa nini huja karibu na pwani siku zikirefuka?
5. Kwa nini mvuvi wa Homer hutazama mwezi?
6. Marekani na Kanada zilipatana nini mwaka 1923?
7. Mjukuu alitaka kufanya nini na samoni mfalme? Babu yake alimjibu nini?

Zoezi

Uliza mvuvi, au mzee wa kwenu, juu ya samaki mmoja wa mto au wa ziwa lenu. Samaki huyo huonekana kwa wingi mwezi gani? Huzaa wakati gani? Zamani walikuwa wengi kuliko leo? Andika majibu yake katika mistari kumi, kisha uyasome mbele ya wenzako.